Niongeze watu ao niombe siku? Kupanga kazi ya karakana kwa karatasi na penseli

Swali hili linarudi kila mwaka Agosti inapokaribia, shule zinapoagiza madawati kabla ya masomo kuanza Septemba. Kazi imeingia, watu ni wachache, tarehe iko karibu: niongeze watu ao niombe siku? Wengi hujibu kwa kukisia. Wanaita vibarua watano siku ya kwanza, vibarua wanakaa chini ya mwembe wakisubiri mbao, na wiki ya tatu, kazi inapopamba moto, pesa ya kuwalipa imekwisha. Jibu sahihi linahitaji saa mbili za kuandika, na liwe mkononi kabla hujapokea avansi (malipo ya awali).

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Karakana ya Katuba, Lubumbashi, imeagizwa madawati 40 yenye fremu ya chuma, meza na benchi za mbao. Ina watu 4 wa kudumu. Bei zote humu ni za mfano tu. Weka zako na hesabu itakwenda vilevile.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kaye (daftari) ya mraba, penseli na kifutio. Kompyuta inasaidia, si lazima. Kalamu ya wino iache: utafuta mara nyingi.
- Kalenda. Hesabu siku 5 za kazi kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ina salongo (kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa), kilio na ndoa, kwa hiyo usiipangie kazi. Iache iwe akiba.
- Orodha ya watu pamoja na kazi ambayo kila mmoja anaiweza kweli. Anayeshikilia bomba wakati mwenzake anachomelea si fundi wa kuchomelea.
- Orodha ya mashine. Mfano wetu una mashine 1 ya kuchomelea, mashine 1 ya randa, grinda 1 na jenereta ya kVA 5.
- Saa ambazo umeme huwapo mtaani kwenu. Delestaji (mgao wa umeme) ikija kila jioni, jioni si saa ya kuchomelea hata kama watu wapo.
- Devi (karatasi ya makadirio ya bei) iliyokubaliwa, yenye idadi, vipimo na tarehe ya kupeleka.

Hatua ya 1: Pima muda kwa saa, usiupime kwa kumbukumbu

Tengeneza dawati moja la sampuli, kisha la pili. Muda wa la kwanza usiuhesabu, kwa sababu humo mmetafuta vipimo na kurekebisha makosa. Andika muda wa la pili, kazi kwa kazi. Ikiwa watu 3 wanamaliza fremu moja kwa saa 1, kwa siku ya saa 8 watatoa fremu 8, na fremu 40 zitachukua siku 5.

Hapo hapo hesabu na vifaa. Dawati likila mita 7 za bomba la mraba, madawati 40 yanakula mita 280. Bomba likiuzwa kwa urefu wa mita 6, hiyo ni mabomba 47 kwenye karatasi, lakini vipande vya mwisho havitoshi urefu unaoutaka. Nunua 50. Kukosa mabomba 3 siku ya kumi kunasimamisha watu 3 asubuhi nzima, na hasara hiyo inazidi bei ya mabomba yenyewe.

Hatua ya 2: Vunja kazi vipande, kila kipande na siku zake na watu wake

- A. Vipimo na sampuli: siku 1, watu 2
- B. Kununua na kusafirisha vyuma na mbao: siku 2, watu 2 (baada ya A)
- C. Kukata mabomba: siku 2, watu 2 (baada ya B)
- D. Kuchomelea fremu: siku 5, watu 3 (baada ya C)
- E. Kupiga grinda, antiruyi (rangi ya kuzuia kutu) na rangi: siku 2, watu 2 (baada ya D)
- F. Rangi kukauka: siku 1, watu 0 (baada ya E)
- G. Kupiga mbao randa: siku 3, watu 3 (baada ya B)
- H. Kukata, kutoboa na kupiga msasa: siku 3, watu 3 (baada ya G)
- I. Vanishi, mikono miwili (kupaka mara mbili): siku 2, watu 2 (baada ya H)
- J. Kufunga mbao kwenye fremu: siku 3, watu 4 (baada ya F na I)
- K. Kukagua, kupakia, kupeleka: siku 1, watu 4 (baada ya J)

Kipande F ndicho wanaoanza hukisahau. Hakuna anayefanya kazi siku hiyo kwenye fremu, lakini siku inakwenda. Ukiiruka, utafunga mbao juu ya rangi mbichi, na dawati litarudishwa.

Sasa zidisha siku kwa watu katika kila kipande, kisha jumlisha. Mtu mmoja kwa siku moja tuite siku-mtu. Jumla hapa ni siku-mtu 67. Iandike juu ya ukurasa. Kila utakapobadilisha mpango, rudi uhesabu. Isipokuwa umeongeza saa za kazi, jumla lazima ibaki 67. Ikipungua, kuna kazi umeidondosha.

Hatua ya 3: Tafuta mnyororo unaobana

Kazi inaenda kwa minyororo miwili inayokutana kwenye J.

Mnyororo wa chuma: A, B, C, D, E, F, J, K. Siku zake ni 1+2+2+5+2+1+3+1 = 17.

Mnyororo wa mbao: G siku ya 4 hadi 6, H ya 7 hadi 9, I ya 10 na 11. J inaanza siku ya 14, kwa sababu inasubiri rangi ikauke siku ya 13. Mbao zinamalizika siku ya 11 na zinaweza kuchelewa hadi ya 13. Siku hizo 2 ndizo ulegevu.

Chuma ndicho kinachobana. Kichelewe siku 1, madawati yote yanachelewa siku 1. Mbao zinaweza kusogea siku 2 bila mteja kujua. Nadharia inayohitajika inaishia hapo.

Hatua ya 4: Chora mistari, jumlisha watu chini

Kwenye kaye, kila mraba wa kulala ni siku, kila mstari ni kipande cha kazi. Paka penseli miraba ya siku ambazo kipande kinafanyika na andika ndani idadi ya watu. Mchoro huu unaitwa chati ya Gantt, kwa jina la Mmarekani Henry Gantt aliyeueneza miaka ya 1910, na hadi leo haujapitwa na wakati kwenye kazi ya ukubwa huu. Kila kipande kikianza mapema iwezekanavyo, jumla ya watu inatoka hivi:

- Siku 1–3: watu 2
- Siku 4–5: watu 5
- Siku 6–9: watu 6
- Siku 10: watu 5
- Siku 11: watu 4
- Siku 12: watu 2
- Siku 13: hakuna mtu
- Siku 14–17: watu 4

Tazama umbo lake. Unahitaji watu 6 katikati, na siku chache baadaye karakana tupu. Anayeita watu 6 tangu Jumatatu ya kwanza anawalipa wengi wao wakae. Na mwenye watu 4 akijidanganya kwamba "tutajipanga tu", ataukuta mlima huo siku ya 6.

Hatua ya 5: Sawazisha ndani ya ulegevu kwanza

Kanuni: usiguse kipande kilicho kwenye mnyororo unaobana. Sogeza vile vyenye ulegevu tu, ukianza na chenye ulegevu mwingi.

Kwetu ni mbao. G na H kwa pamoja ni siku-mtu 18. Zigawe hivi: watu 3 siku ya 4 na 5 (zinakwenda 6), watu 2 siku ya 6 hadi 10 (zinakwenda 10), watu 2 siku ya 11 (2 za mwisho). Vanishi inakwenda siku ya 12 na 13. Jumla mpya:

- Siku 1–3: watu 2
- Siku 4–10: watu 5
- Siku 11–12: watu 4
- Siku 13: watu 2
- Siku 14–17: watu 4

Siku-mtu bado ni 67, tarehe bado ni siku ya 17, na hujawahi kuhitaji watu 6. Ukitaka kulinganisha mipango miwili kwa namba badala ya macho, chukua idadi ya watu ya kila siku, izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha zote. Mpango wa kwanza unatoa 315, huu unatoa 287. Yenye namba ndogo ndiyo iliyotulia zaidi.

Onyo kubwa la mwongozo huu wote. Ulegevu wa mbao umeisha. Sasa minyororo yote miwili inabana. Vanishi ikikataa kukauka siku ya 13, J haianzi siku ya 14. Kusawazisha watu hulipiwa kwa ulegevu, na watu wengi hawajui kwamba wameshalipa mpaka umeme unapokatika. Andika kwa herufi kubwa kwenye mpango: ULEGEVU WA MBAO: 0.

Hatua ya 6: Sasa jibu swali la watu na siku

Una watu 4, mpango unataka 5 kuanzia siku ya 4 hadi ya 10. Angalia kwanza nini kinatokea ukikataa kuongeza mtu.

D inataka watu 3, kwa hiyo mbao zinabakiwa na mtu 1 siku ya 6 hadi 10. Mtu mmoja asipitishe mbao ndefu kwenye mashine ya randa peke yake. Ubao ukiruka hakuna wa kuushika. Atafanya msasa wa mbao zilizokwisha kupigwa randa siku ya 4 na 5, nazo zitamwishia siku ya 9. Randa inaendelea siku ya 11 na 12 kwa watu 2, siku ya 13 na 14 watu 3 wanamaliza G na H. Vanishi siku ya 15 na 16, kufunga 17 hadi 19, kupeleka siku ya 20. Wiki nne kamili.

Kwa hiyo kukosa mtu mmoja kunakugharimu siku 3. Na mtu huyo anahitajika siku 7 tu, kwenye mbao, chini ya fundi. Kibarua akilipwa dola 6 kwa siku, ni dola 42, yaani dola 14 kwa kila siku uliyookoa. Linganisha na unacholipa karakana ikikaa siku moja zaidi: chakula cha watu 4, mlinzi, kodi, na kazi nyingine inayosubiri mlangoni. Mara nyingi kibarua ni nafuu. Lakini ikiwa hakuna kazi nyingine inayosubiri na mteja hana haraka, omba siku. Omba kabla ya kutia saini, si siku ya 15.

Kosa la kawaida hapa ni kumwita kibarua siku ya 1 "azoee". Siku ya 1 hadi ya 3 kuna kazi ya watu 2. Mwambie siku yake halisi ya kuanza na siku ya kumaliza, atafute riziki kwingine siku zilizobaki. Hiyo ndiyo heshima kwa mtu anayekula kwa siku.

Hatua ya 7: Mteja akitaka wiki tatu kamili

Siku 17 ziwe 15. Fupisha vipande vya mnyororo unaobana tu, na uanze na chenye bei ndogo kwa kila siku unayookoa. Bei hiyo ni gharama ya ziada igawanywe kwa siku zilizookolewa.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kukodi mashine ya pili ya kuchomelea, D ishuke kutoka siku 5 hadi 3. Fundi wa pili, dola 12 × siku 3 = 36. Vibarua 2, dola 6 × siku 3 = 36. Kukodi mashine, dola 15 × siku 3 = 45. Kuisafirisha, 10. Jumla dola 127 kwa siku 2: dola 63.5 kila siku. Na hapo bado hujalipia kuharakisha mbao, ambazo nazo lazima ziwahi siku 2.

Njia ya pili ni kugawanya.

J kutoka siku 3 hadi 2: ni siku-mtu 12, kwa hiyo watu 6. Vibarua 2 wa ziada kwa siku 2 ni dola 24, kukodi drili ya pili siku 2 ni dola 10. Jumla dola 34, umeokoa siku 1.

D kutoka siku 5 hadi 4: badala ya saa 8, wafanye saa 10 siku ya 6 hadi 9. Saa 40 ni zilezile. Lakini hapa ndipo mtego. Ukiwaongezea saa wachomeleaji peke yao, hupati kitu, kwa sababu mbao nazo hazina ulegevu tena. Watu wote 5 waongeze saa 2 kwa siku 4: saa 40, kwa wastani wa dola 1.5, ni dola 60. Mbao zinamalizika siku ya 10, vanishi 11 na 12, kufunga 13 na 14, kupeleka siku ya 15.

Jumla dola 94 dhidi ya 127. Ongeza mafuta ya jenereta pande zote mbili kadiri ya delestaji yenu. Na kama mteja anataka siku 1 tu mapema, J peke yake inatosha: dola 34. Mpe mteja bei hizi zikiwa zimeandikwa. Haraka yake ina gharama, na gharama hiyo isitoke mfukoni mwa mafundi.

Angalizo mbili. Sheria ya kazi ya Kongo inaweka saa 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa kwa nyongeza, usizigeuze kuwa "msaada". Na siku za saa 10 zikiendelea zaidi ya wiki moja hazikupi kazi ya saa 10: mikono inachoka, viungo vinatoka na matundu, na grinda inaanza kukata vidole.

Makosa yanayoharibu mpango mzuri

Kugawa kazi isiyogawanyika. Ukiwa na mashine 1 ya kuchomelea, kuongeza watu kutoka 3 hadi 6 hakupunguzi siku hata moja. Siku-mtu zinagawanyika pale tu penye nafasi, chombo na ujuzi kwa kila mtu.

Kusahau kwamba umeme ni rasilimali kama mtu. Jenereta ya kVA 5 haiwezi kubeba mashine ya randa na ya kuchomelea kwa pamoja. Randa inapowaka inavuta mkondo mkubwa, na kila kitu kinazima. Kwenye mpango wetu randa na kuchomelea vinagongana siku ya 6 na ya 7. Kama umeme wa mtandao haupo siku hizo, randa ifanye asubuhi na mapema, saa 12 hadi saa 3, wachomeleaji wakiwa bado wanapanga na kubana vipande.

Kununua kwa mafungu. Antiruyi na vanishi zinunuliwe kwenye B pamoja na vyuma. Kwenda mjini mara ya pili kwa kopo moja ni nusu siku ya mtu ambayo haimo kwenye zile 67.

Kufuatilia

Kila jioni dakika 10. Hesabu vitu, usiulize "mmefika wapi". Jioni ya siku ya 8 fremu ziwe 24; zikiwa 19, umechelewa zaidi ya nusu siku, na umebakiwa na siku 2 kurekebisha. Kazi ya muda wa saa 5 Jumamosi asubuhi ni dawa ya kuchelewa huko. Ndiyo sababu hukuipangia kazi tangu mwanzo.

Mambo yakiharibika

*Fundi wa kuchomelea ameugua siku ya 7.* D inabana, kwa hiyo tafuta mbadala siku hiyo hiyo. Wasaidizi wake wasikae: wapeleke kwenye mbao, uzipatie mbao ulegevu, kisha urudishe watu kwenye chuma akipatikana mtu.

*Mbao zimefika zikiwa mbichi.* Zipange kwa vipande vya kutenganisha, chini ya kivuli, mbali na ardhi, na uanze na zilizo kavu zaidi. Ukipiga randa mbao mbichi zitapinda baada ya kufungwa. Zikiwa zote mbichi, zirudishe. Hakuna mpango wa siku 17 unaoweza kukausha mbao.

*Vanishi haikauki.* Juni na Julai usiku wa Lubumbashi una baridi kali. Paka kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, usipake jioni. Mkono wa kwanza uwe mwembamba.

*Vyuma vimechelewa mpakani Kasumbalesa.* Anza na mbao mara moja kwa watu wote uwezao kuwaweka hapo. Chuma kikichelewa siku 2, mbao zinapata ulegevu wa siku 2: kibarua wa tano huenda asihitajike kwa siku zote 7. Chora upya kabla ya kumwita.

*Mteja ameongeza madawati 10 katikati ya kazi.* Usiseme "sawa" papo hapo. Fremu 10 ni zaidi ya siku 1 ya kuchomelea, na kukata, rangi na kufunga vinaongezeka pia. Rudi kwenye Hatua ya 2 na namba 50, kisha umpe tarehe mpya na devi mpya siku inayofuata.